Jina Lililokosa Pa Kukaa

Mtoto wa Adongo aliacha kuitika jina lake Jumanne saa nne asubuhi, ndani ya duka la kuchapisha programu za mazishi, mtaani Section 58.

"Valarie," Adongo alimwita. Mtoto alizidi kulia, macho kwa kompyuta. Duka lilinuka udongo mbichi, kama shimo lililochimbwa sasa hivi.

"Umemwaga nini?" Khisa, mwenye duka, aliuliza.

"Hakuna kitu, boss."

Asubuhi hiyo watu wa marehemu Emmy walikuwa wametaka programu haraka. Adongo alifanya kama kawaida: alinakili programu ya nyanya mmoja aliyezikwa mwezi uliopita, Adero, kisha akaandika amri ya kubadilisha jina:

sed -i 's/Adero/Emmy/g' *.txt

Khisa aliinama akaisoma. "Hii nyota ni ya nini? Umebadilisha kila faili kwa folda, hata ya Adero mwenyewe. Nyanya wa watu hana jina tena hapa."

"Kopi haiko?"

"Nani huweka kopi, Adongo? Mimi?"

Kwao Adongo, mtoto asiyenyamaza huitwa majina ya waliokufa, moja baada ya jingine. Lile linalomnyamazisha ndilo la aliyekuja kutafuta pa kukaa.

"Adero," alinong'ona.

Mtoto akanyamaza.

"Boss, anataka kunichukulia mtoto."

"Basi mrudishie jina lake. Pole pole."

Lakini printa ambayo hakuna aliyeigusa ilikuwa imeanza kuvuta karatasi, na karatasi zikatoka tupu moja baada ya nyingine, zina unyevu na chembe za udongo mwekundu pembeni, na harufu ikapanda hadi Adongo akaigeuza amri ile haraka haraka, Emmy mbele, Adero nyuma, nyota pale pale, akabonyeza.

Printa ikazima. Harufu ikaisha. Adongo akamkumbatia mtoto, akalia kidogo.

Khisa akafungua programu ya Emmy. Akapitia ukurasa baada ya ukurasa.

"Na huyu sasa ameenda wapi?"

Kila mahali paliandikwa Adero.

Harufu ya udongo ikarudi, nzito kuliko mwanzo.

"Valarie," Adongo aliita. Mtoto hakugeuka.

"Adero." Hakugeuka.

Adongo hakutaka kulitamka lile la tatu. Lilimtoka lenyewe, kwa sauti ndogo.

"Emmy."

Mtoto akageuka, akatabasamu.