Udongo wa Matuta Manane

Kila asubuhi kabla ya kengele, wanafunzi wa darasa la nne walimwagilia miche ya nyanya na mchicha iliyooteshwa kwenye makopo nyuma ya darasa. Miche ilikuwa inakua vizuri, lakini haikuwa na mahali pa kuhamia. Shule yao, maili chache kutoka Nachingwea, ilijengwa mwaka 1951 mahali ambapo matrekta ya shamba la karanga yalikuwa yamekwangua ardhi mpaka ukabaki udongo mwekundu, mgumu kama tofali.

Mwalimu Felisian aliwaongoza kupanga mawe kuzunguka matuta manane. Udongo mweusi wa kuyajaza ungenunuliwa bondeni kwa Bibi Mwantumu, na lori la misheni lingeusomba safari moja tu.

“Dionisia,” alisema Mwalimu, “wewe ni hodari wa hesabu. Chukua kamba hii, ina fundo kila futi. Pima kila tuta, urefu na upana. Kina ni nusu futi. Futi moja ya ujazo inachukua debe moja na nusu. Niletee jumla ya madebe.”

Dionisia, msichana wa miaka kumi na miwili, alipima tuta la kwanza. Urefu futi nane, upana futi tatu, kina nusu futi: futi kumi na mbili za ujazo, yaani madebe kumi na manane. Aliandika kwenye kibao chake. Uwanjani wenzake walikuwa wameanza kucheza rede, wakawa wanamwita. Akayatupia jicho matuta mengine, yale ya nyuma yakiwa yamefichwa nusu na majani marefu. “Yanalingana tu,” alijisemea, akazidisha kwa nane.

“Mia moja arobaini na manne,” alimwambia Mwalimu.

“Umepima yote manane?”

“Ndiyo, Mwalimu.”

Lori lilileta udongo siku ya Ijumaa, na darasa zima likaanza kujaza. Matuta sita yalijaa. La saba halikujaa, na la nane likabaki tupu kabisa.

“Bibi ametupunja!” alisema Ignasi, akikung’uta mikono. “Nani alimwona akihesabu? Dereva alikuwa amelala ndani ya lori.”

Wengine wakaitikia. Dionisia aliyatazama matuta ya nyuma, sasa majani yakiwa yamefyekwa, akaona jinsi yalivyokuwa marefu. Akainama, akaendelea kusawazisha udongo kana kwamba hakuona kitu.

Jumatatu, maneno yalikuwa yamekwisha kufika bondeni. Bibi Mwantumu alikuja shuleni kwa miguu, debe lake likiwa kichwani. Alikuwa Mmwera, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni.

“Shikamoo, Bibi,” walimwamkia wanafunzi.

“Marahaba.” Alilitua debe mbele yao. “Tazameni. Limebonyea? Halikubonyea. Mimi nimejaza mpaka juu, mia na arobaini na nne. Sasa zahanati, walitaka udongo wa bustani yao, wanasema hawautaki tena, kwa sababu Mwantumu mwizi. Mimi mwizi?”

Bibi aliwatazama mmoja mmoja. Dionisia hakuweza kuvumilia. Alisimama.

“Bibi si mwizi,” alisema, machozi yakimlengalenga. “Mwalimu, nilipima tuta moja tu. Nilitaka kwenda kucheza. Nilisema uongo.”

Ignasi akainamisha kichwa.

“Chukua kamba,” alisema Mwalimu kwa sauti ya upole. “Leo sote tutakutazama.”

Dionisia alipima tuta kwa tuta. Manne ya mbele yalikuwa futi nane. Manne ya nyuma yalikuwa futi kumi na mbili, na kila moja lilitaka madebe ishirini na saba. Jumla ikawa mia moja themanini. Yalipungua thelathini na sita. Kabla ya kuandika, alimgeukia Bibi.

“Bibi, hayo yatatosha?”

Bibi Mwantumu aliukandamiza udongo wa tuta la kwanza kwa kiganja. “Hayatoshi, mjukuu wangu. Udongo ukipata maji unalala. Ongeza mawili kila tuta.”

“Basi ni hamsini na mawili,” alisema Dionisia.

Lori halikuwapo tena. Kwa siku nne wanafunzi wote ishirini na sita waliteremka bondeni alfajiri, kila mmoja akarudi na nusu debe kichwani. Ignasi alikuwa wa kwanza kumwomba Bibi radhi. Dionisia alikwenda na Mwalimu mpaka zahanati, akaeleza kwa kinywa chake mwenyewe yaliyotokea, na mganga akaagiza udongo kwa Bibi siku ileile.

Miche ilipohamishwa, Mwalimu Felisian aliwakusanya kando ya tuta la nane.

“Kukosea hesabu si aibu,” alisema. “Tunafuta, tunaanza upya. Lakini Dionisia aliposema amepima, nilimwamini, nanyi mkamwamini, na aliyeumia ni Bibi ambaye hakuwa na kosa lolote. Kazi ukipewa, ifanye yote. Usipoifanya, sema mapema, kabla mwingine hajabeba lawama yako.”

“Ndiyo, Mwalimu,” alisema Dionisia, na safari hii alikuwa akisema kweli.