Michirizi Katika Picha ya Mawingu

Kila asubuhi mkwe wangu huondoka nyumbani na kikombe cha chai mkononi. Hunywa akitembea. Akifika getini hukiacha juu ya ukuta, nami hukifuata baadaye. Amefanya hivyo tangu alipoolewa na mwanangu. Sijawahi kumkataza. Kikombe hakina uzito.

Anafanya kazi kwenye kituo cha hali ya hewa. Huko wanapokea picha za mawingu. Picha hizo zinatoka kwenye setelaiti, chombo kilicho juu sana angani. Kazi ya mkwe wangu ni kuzipokea, kuzitengeneza vizuri na kuwapa wenzake wanaotabiri mvua. Majirani wanamwita Mama Picha. Jina hilo analipenda, ingawa hujifanya halipendi.

Jirani yetu wa mkono wa kulia ni fundi matofali. Alikua pamoja na mwanangu, kwa hiyo mkwe wangu humwita shemeji. Mwaka ule Fundi alikuwa anafyatua matofali ya nyumba yake mwenyewe. Mama yake hakuziweza tena ngazi wala safari ndefu. Alikuwa analala sebuleni, mahali pa kupita watu wote. Kila mgeni alimkuta kitandani. Mama huyo alikuwa akijifunika uso kwa aibu. Fundi alitaka kumjengea chumba chenye mlango.

Siku moja, saa nne asubuhi, Fundi aliniita uani. Mikono yake ilijaa udongo. Aliniomba nimpigie mkwe wangu simu, kisha nimshikie yeye sikioni.

"Shemeji," alisema, "matofali yangu yamebakiza siku mbili yakauke. Nayafunika kwa turubai au nayaacha yapigwe jua?"

"Yaache," mkwe wangu alijibu. "Picha ninayo mbele yangu. Mawingu ni mafupi, hayana kitu."

"Yakinidanganya, nitakula kwako mwezi mzima."

"Karibu. Lakini vyombo utaosha mwenyewe."

Wote wawili walicheka. Nilifuta udongo kwenye simu.

Saa tisa alasiri mvua ilinyesha. Haikuwa manyunyu. Ilimwagika kama mtu amepindua pipa. Fundi alikimbia na turubai, mimi nikashika ncha moja, lakini upepo ulitunyang'anya. Mvua ilipokatika, matofali elfu mbili na mia tatu yalikuwa yamerudi kuwa tope.

Mkwe wangu alirudi kwa miguu, amelowa. Majirani walikuwa wamesimama kutazama. Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara alisema kwa sauti, "Na huyu Mama Picha wetu, huko kazini anaangalia picha za nani?"

"Mwacheni," Fundi alisema. "Mvua haipigi hodi. Yeye si Mungu."

Nilimtazama mkwe wangu usoni. Maneno ya fundi cherehani hayakumuumiza. Yaliyomuumiza ni yale ya kumtetea. Aliinamisha kichwa, akapita, akaingia ndani na viatu vyake vya matope. Hakuwa amewahi kufanya hivyo.

Kwa siku mbili hakwenda kazini. Alisema kichwa kinauma. Alifua nguo zilizokuwa safi. Chakula alikizungusha tu kwenye sahani. Dirisha la upande wa Fundi alilifunga. Nilimwekea chai karibu, nikakaa naye.

Siku ya tatu alikuja mwenzake wa kazini. Ni fundi wa mitambo, mtu mwembamba, mwenye kalamu tatu mfukoni. Wanamwita Kipimo, kwa sababu kwa kila jambo huuliza, "Umepima?"

"Shikamoo, Bibi. Nimekuja kumwona mgonjwa."

"Marahaba, baba. Yuko jikoni. Ugonjwa wake hauna homa."

Mkwe wangu alipomwona, machozi yalimtoka kabla ya salamu.

"Ni mimi," alisema. "Picha zilikuwa na michirizi tangu wiki iliyopita. Mstari mmoja mweupe, mwingine wa kijivu. Zilikuwa mbaya, na watu wa televisheni walilalamika. Nikazipitisha kwenye programu ya kulainisha. Zikatoka safi kama shuka lililopigwa pasi. Walinisifu. Nikaendelea."

"Uliandika mahali popote kwamba umezilainisha?"

"Hapana."

Kipimo hakumgombeza. Alikaa kwenye kigoda. Aliitazama mizani yangu, maana mimi huuza unga hapo nyumbani.

"Bibi, mizani hii ikiwa tupu inasoma ngapi?"

"Sifuri."

"Ikisoma gramu hamsini?"

"Nitakuwa mwizi bila kujua."

"Na utajuaje kwamba inapima sawa ikiwa na mzigo?"

"Naweka jiwe la kilo moja. Isiposoma kilo, nairekebisha."

"Basi hata setelaiti hufanya hivyo," Kipimo alisema. "Hutazama kwanza anga tupu, kule kwenye baridi kali. Hiyo ndiyo sahani tupu. Halafu hutazama bamba lililo ndani yake. Joto la bamba hilo linajulikana. Hilo ndilo jiwe lako la kilo. Vipimo hivyo viwili vinatumwa pamoja na picha, ili sisi tusawazishe."

"Kwa hiyo michirizi inatoka wapi?" niliuliza.

"Setelaiti hii ina macho mengi, Bibi. Kila jicho linasoma mistari yake. Jicho moja likipotoka, mistari yake haifanani na ya jirani. Ndiyo hiyo michirizi. Mtu huiona kama uchafu. Kumbe ni jicho linalolalamika."

"Na mimi nikaliziba mdomo," mkwe wangu alisema.

"Jicho halina mdomo," nilimwambia. Alitaka kucheka, ikashindikana.

Kipimo aliendelea taratibu. Alisema wingu refu lina kilele chenye baridi sana. Kadiri kilele kinavyokuwa baridi, ndivyo mvua kubwa inavyokaribia. Macho matatu ya setelaiti yalikuwa yanasoma joto kubwa kuliko la kweli. Mkwe wangu alipolainisha, alichanganya mistari mizuri na mibaya. Wingu refu likaonekana fupi.

"Unga mzima ukiuchanganya na uliooza," nilisema, "uliooza haupati nafuu. Unaharibu wote."

"Bibi, njoo utufundishe kituoni."

Mkwe wangu alifuta uso. "Nilipaswa kufanya nini?"

"Kuuliza kwa nini, kabla ya kufuta. Tazama vipimo vya anga tupu na vya bamba, jicho kwa jicho. Lililopotoka, sahihisha mistari yake kwa vipimo vyake lenyewe. Lililokufa kabisa, acha pengo na uandike kwamba hapa hakuna habari. Halafu linganisha na picha ya setelaiti nyingine, mahali pale pale, saa ile ile. Na kila ulichobadilisha, kiandike. Picha ya asili usiifute kamwe."

Mkwe wangu aliuliza kwa sauti ndogo, "Na shemeji? Nikimwambia, atanitazamaje?"

"Hilo halimo kwenye kitabu cha mitambo," Kipimo alisema.

Ikabaki zamu yangu. "Mwanangu, alikutetea mbele ya watu. Ukinyamaza, utakuwa umevaa nguo ya mwenzako, na mwenyewe hajui kwamba umeichukua."

Jioni ile ile mkwe wangu alikwenda uani kwa Fundi. Nilisimama mlangoni kwetu. Fundi alikuwa anakanyaga udongo upya.

"Shemeji, ile mvua ingeonekana. Mimi ndiye niliyeharibu picha. Nilitaka iwe nzuri."

Fundi aliacha kukanyaga. Alijifuta udongo mikononi. Mkwe wangu alitazama miguu yake mwenyewe.

"Nilimwahidi mama wiki tatu," Fundi alisema hatimaye. "Jana nilimwambia miezi mitatu. Alisema haidhuru. Ndivyo asemavyo kwa kila kitu."

"Najua."

"Jumamosi uje. Vaa viatu vibovu."

Jumamosi alikwenda, na mwanangu pia. Walikanyaga udongo hadi magoti. Mchana Fundi alimletea mkwe wangu maji ya kunywa, akayapoza kwanza kwa kuyamimina kutoka bilauri moja kwenda nyingine. Niliona.

Kazini nako alisema ukweli. Mkubwa wake alimkasirikia, na ilikuwa haki. Picha zote za wiki ile zilitolewa upya, zikiwa zimesahihishwa. Tangu hapo kila picha ina karatasi yake: macho gani yamepotoka, mistari gani imerekebishwa, nani amerekebisha. Watu wa televisheni wakitaka picha safi, wanaambiwa wasubiri.

Baada ya miezi miwili, matofali mapya yakiwa uani, Fundi aliniomba tena nimshikie simu.

"Shemeji, leo vipi?"

"Sijui," mkwe wangu alisema. "Michirizi imetokea asubuhi hii. Nasahihisha. Nipe hadi saa sita."

"Mama Picha hajui?"

"Hajui. Funika kwanza."

Alifunika. Saa sita simu ililia. Mawingu yalikuwa marefu, na picha ya setelaiti nyingine ilisema hivyo hivyo. Tuliongeza mawe juu ya turubai. Saa nane mvua ilikuja na kelele zake zote. Hakuna tofali lililoharibika, hata moja.

Chumba kilikwisha kabla ya mwaka kwisha. Majirani walikwenda kukiona. Mkwe wangu alikwenda wa mwisho, na hakuingia. Alisimama mlangoni, macho chini, kama mtu aliyekuja kuomba chumvi.

Mama yake Fundi alikuwa amekaa kitandani, uso wazi, kitambaa kichwani kimefungwa vizuri.

"Mwanangu, ingia au toka," alisema. "Lakini huo mlango uufunge. Nimeusubiri sana, nataka kuusikia ukifungwa."

Mkwe wangu aliingia, akaufunga.