Jibu la Mashine kuhusu Kazadi

Rafiki yangu Ghislain aliandika programu ya kompyuta katika kiwanda kimoja cha shaba pale Likasi, Kongo, miaka ile kazi zilipokuwa zikifa. Iliposhindwa kusoma faili ya kadi ambazo wafanyakazi walipitisha mlangoni wakiingia na kutoka, haikutangaza kosa. Iliandika tu "hakuna mtu ndani". Kwa jibu hilo, mlinzi alifunga ghala Ijumaa mchana.

Jumatatu akaja Martine, mke wa Kazadi, mfanyakazi wa ghala hilo.

"Bwana yangu iko mule ndani."

"Mashini inasema hakuna muntu," mlinzi alijibu. "Pengine alikukimbia weye, mama."

Ghislain alisahihisha programu, akauliza upya. Jina moja likatokea: Kazadi, ameingia Ijumaa, hajatoka.

Mlinzi alifungua huku akitukana. Giza lilinuka asidi. Hatua za mtu zilisikika kutoka nyuma, polepole, zikawapita wote watatu mlangoni, zikapotelea uani. Taa ilipoletwa, ghala lilikuwa tupu, isipokuwa kadi ya Kazadi sakafuni. Martine akaiokota.

Ghislain alirudi ofisini akauliza tena. Mashine ilijibu bila kosa lolote: Kazadi, ametoka sasa hivi, kadi imesomwa mlangoni. Kadi yenyewe Martine alikuwa bado ameifumbata.