Fundo la Bi Khuyên

Maji ya kikombe cha madhabahuni yalikuwa yameisha tena. Thoa aliyajaza asubuhi. Kabla ya adhuhuri kikombe kikavu, na sanamu ya Buddha ikinuka tope la mto.

"Mama, umekunywa maji ya Buddha?"

"Mimi paka?" mama mkwe wake, Bi Khuyên, alifoka kutoka jikoni. "Mimba imekulevya. Jaza, unyamaze!"

Thoa ndiye aliyeichagua sanamu ile hapa mjini Huế, mwezi mmoja baada ya mumewe, Lương, kuzama mtoni na kumwachia mimba ya miezi saba. Alizikataa za shaba, akaipenda hii ya mti wa mfenesi, kwa sababu uso wake ulikuwa mpole. Fundi aliifunga macho kwa kitambaa chekundu.

"Umemwalika, hukumnunua," alimwambia, maana ndivyo tusemavyo kuhusu sanamu takatifu. "Lakini ndani bado mna uwazi. Msimfungue wala kumkaribisha mpaka mtawa aje kumfungua macho. Mkikosea, ataingia anayepita."

Basi Thoa aliichovya brashi katika maji ya tangawizi na mdalasini, akaanza kuisafisha sanamu. Ndani ya mti kitu kikagonga mara tatu. Alirudi nyuma, na hapo ndipo alipoliona fundo la kitambaa. Halikuwa la fundi. Lilikuwa la Bi Khuyên, lile lile analofungia keki za wali kwenye majani ya mgomba.

"Mama," alinong'ona. "Umemfungua?"

Bi Khuyên hakuona hata haya. "Nilimwita mwanangu. Nikamwambia, ingia, Lương, upumzike, kisha kuna mwili mdogo hapa unakungoja."

"Mwili gani?"

Mama mkwe alilitazama tumbo la Thoa. Ukatili wa mwanamke yule, Mungu wangu!

Thoa alikimbia kumwita mtawa, naye akaja mchana ule ule na kengele yake, akakaa mbele ya sanamu na kuiuliza jina, na sauti ndani ya mti ikajibu Lương, kisha ikajibu Thoa, kisha, polepole, kana kwamba inaonja, ikataja jina ambalo mtawa mwenyewe alipewa na mama yake utotoni na ambalo hakuna mtu aliyelijua tangu mama huyo afe.

"Huyu si mwanao, bibi," mtawa alisema. "Hana jina. Huokota ya watu."

"Mwongo! Mwanangu ameitika!"

Mtawa alisoma sala hadi sauti ikamkauka. Mwishowe mti ukapasuka, tope likamwagika madhabahuni, harufu ikakatika. Aliweka sikio kwenye sanamu, akagonga. Kimya.

"Humu hamna kitu," alisema. Thoa akaangua kilio cha furaha, akainama kumshukuru.

Alipoinama, kitu kikagonga mara tatu ndani ya tumbo lake.

Mtawa alisikia. Alikusanya vitu vyake bila kumtazama Thoa usoni, maana hakujua sala ya kutoa kitu pale bila kumtoa na mtoto. Bi Khuyên alipiga magoti, akamshika mkwewe kiuno kwa nguvu asimponyoke, akalaza shavu tumboni.

"Karibu nyumbani, mwanangu," alisema.

Na sauti, kutoka ndani ya Thoa, ikamjibu, "Asante, mama."