Mkungu wa Ndizi kwa Ajili ya Boila

Ilikuwa mwaka 1995, kambi za wakimbizi zilipojaa watu huko Ngara. Pale Mabawe, Agripina aliamka kila siku kabla ya jogoo wake mvivu. Alifagia uwanja, akazoa majivu ya jana, akawasha kuni chini ya boila.

Boila lilikuwa pipa la chuma lenye bomba la kupeleka maji ya moto bafuni. Agripina na mumewe Frednand walikuwa na nyumba ndogo ya wageni. Wauguzi wa kambini waliikodi walipopata likizo. Hawakufuata vitanda, walifuata maji ya moto. Muuguzi mmoja, Josefina, aliimba bafuni mpaka kuku wakakimbia.

"Mama Esperansia," alisema akijifuta nywele, "Krismasi tunakuja sita, wiki nzima! Lakini tukikuta maji baridi, tunageuza gari."

Agripina alicheka, lakini alilitupia boila jicho. Nyumba ile ndiyo iliyomsomesha binti yao Esperansia. Boila likifa, Januari mtoto angerudi shuleni kwa kitu gani?

Siku hiyohiyo alikuja Rogasian, fundi aliyelitengeneza boila. Alishika karatasi.

"Nimeanzisha bima ndogo," alisema. "Nyumba kumi na mbili zina maboila yangu. Kila nyumba inanipa mkungu wa ndizi kila mwezi. Nauza, nanunua vipuri. Boila lako likiharibika, natengeneza bure."

"Na lisipoharibika?" aliuliza Frednand.

"Unaoga."

"Na ndizi zangu?"

"Zimekwenda."

Frednand aliangua kicheko. "Fundi, unataka nichangie matanga ya mtu aliye hai!"

Agripina yeye alitaka kukubali palepale. Wakati huo alipita jirani yao, bibi Speciosa, katibu wa kikundi cha machela.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Kelele za nini?"

Walimweleza. Speciosa aliegemea jembe lake. Gari la wagonjwa halikufika vijijini, kwa hiyo kila nyumba ilitoa mtu wa kubeba ingobyi, yaani machela ya kijiji.

"Frednand, mwaka huu umebeba wagonjwa wangapi?"

"Saba. Na mzee Ndikuriyo peke yake ni kama wawili."

"Wewe umebebwa mara ngapi?"

"Sijaumwa, namshukuru Mungu."

"Basi nenda ukadai mabega yako."

Frednand alijishika bega. Agripina aliziba mdomo kwa kanga.

"Bima ni hivyohivyo," alisema Speciosa. "Wengi wanachangia, anayepatwa anasaidiwa. Usipopatwa, hujaibiwa. Lakini nawe Agripina, usiweke jina mahali usipopasoma. Uliza anatengeneza nini, anakuja lini, na jambo gani litamfanya akatae."

Agripina alisoma polepole, kidole chini ya kila neno. "Nitatengeneza pipa, bomba na koki. Sitatengeneza pipa lililojaa tope."

Alisimama hapo. Maji yao yalitoka bondeni, na wakati wa mvua yalikuwa mekundu. Aliyamimina hivyohivyo, akiamini moto unamaliza kila kitu.

"Moto unaua vijidudu," alisema Rogasian. "Tope hauliwezi. Linaganda chini, chuma kinaungua." Alifungua koki ya chini. Lilitoka tope zito.

"Loo, uji wa ulezi!" alisema Frednand. "Nani ana sukari?"

Agripina aliona haya, lakini bado alikuwa na swali. Alisema kwa sauti ndogo, "Fundi, karatasi haisemi utakuja lini."

"Nitakuja nikipata nafasi."

"Krismasi utaipata?"

Speciosa alipiga makofi. Rogasian alijikuna kichwa, akaongeza kwa kalamu: ndani ya siku mbili. Ndipo Agripina akaandika jina lake. Frednand akaenda shambani kutafuta mkungu mdogo kuliko yote.

Tangu hapo, Agripina aliyaacha maji yatulie mtungini, akayachuja kwa kitambaa safi. Kila Jumamosi alifungua koki ya chini na kutoa uchafu.

Krismasi ikafika, na wauguzi sita wakafika. Asubuhi ya pili Josefina alipiga yowe. Bomba lilikuwa limepasuka, na mbuzi aliyefungwa karibu alikuwa amelowa chepechepe.

Frednand alirukia baiskeli. Mchana Rogasian alikuwa pale. Kwanza alifungua koki ya chini, na maji yakatoka safi.

"Hapa sina neno," alisema, akatoa bomba jipya.

Jioni wauguzi waliimba wote sita, kwa zamu, na kuku walikimbia mara sita. Januari Esperansia alirudi shuleni.

Januari boila halikuharibika, wala Februari. Asubuhi moja Agripina alimwona mumewe akifunga mkungu kwenye baiskeli, mkubwa hata gurudumu lilibonyea.

"Baba Esperansia, boila ni zima. Hudai ndizi zako?"

"Jana nilibeba ingobyi mpaka barabarani," alisema Frednand. "Leo nabeba huu. Na mimi bado sijabebwa!"

Akapanda baiskeli, akaondoka akipiga mluzi.