Mteja wa Kalikiti

Asubuhi ile Durban ilikuwa kavu, jua limewaka mapema, lakini mwanamke aliyeingia saluni kwa Félicité alikuwa analowesha sakafu. Matone mazito yalimtoka nyweleni, yananukia mafuta matamu ya zamani. Alitaka kalikiti.

"Kalikiti!" Félicité alicheka. "Mama, ule mtindo wa nywele za majimaji ulishakufa tangu niko mtoto. Iko weaving, iko braids."

"Niko na dawa yangu," mwanamke akajibu, akatoa chupa.

Félicité hakumpenda hata kidogo. Lakini yeye amezaliwa na wachuuzi wa Uvira, na kwao mteja wa kwanza wa asubuhi hafukuzwi hata awe kichaa, maana utakuwa umefukuza riziki ya siku nzima. Akamkalisha. Mdogo wake, Estella, akamlaza mwanawe mchanga pembeni, akaanza kumwosha mgeni kichwa.

Ilikuwa Juni 2010, mji mzima unalia vuvuzela. Mgeni akasema Kombe la Dunia limenoga huko Mexico.

"Hapana, mama, Kombe iko hapa hapa, South Africa," Estella akamrekebisha.

Mgeni akatabasamu. Akawasimulia chombo cha Wamarekani kilichopasuka angani na watu wake, kinu cha nyuklia kilicholipuka kwa Wasovieti, na nyota yenye mkia ambayo, alisema, juzijuzi tu aliiona kwa macho yake. Félicité akahesabu miaka. Hayo yote ni ya mwaka themanini na sita, yeye akiwa na miaka kumi. Alipogeuka kuchukua taulo, kiti kilikuwa kitupu na mlango haukusikika.

Kesho yake mtoto alilia mpaka akapaliwa. Estella alimtazama tu.

"Mnyonyeshe mtoto wako!"

"Mtoto gani, dada? Mimi mwenyewe niko mtoto. Mama ameenda soko, atarudi."

Félicité akamchanganyia mtoto maziwa ya kopo, lakini mtoto aliyakataa, akawa anakonda huku mama yake yuko palepale, kichwa chake kikidondosha maji ingawa hakuna aliyekilowesha, harufu ile tamu ikipanda mpaka kwenye mapazia, na televisheni, iliyokuwa imechomolewa ukutani, ikinguruma kelele za uwanja uliojaa watu wanaoshangilia bao la miaka mingi iliyopita. Mchungaji wao alikemea mpaka sauti ikamkauka. Jini likamwuliza, kwa kinywa cha Estella, Mexico nani kashinda.

"Twende Chatsworth, kwa Wazanzibari, wako na maalim wa kutoa majini," Félicité akamnong'oneza mumewe, Pontien. "Eish, mchungaji asijue."

Wakamleta Maalim Athumani mchana, akaandaa wembe.

"Nani alimkaribisha?"

"Ni mimi. Alikuwa mteja wa kwanza."

"Basi umfukuze wewe, kama anavyofukuzwa mteja. Akitoka, mtu asiguse nywele za mdogo wako mpaka nimnyoe. Atakuwa bado yumo humo, anatafuta mkono."

Félicité akasimama mbele ya mdogo wake.

"Ondoka. Hapa hatufanyi kalikiti. Nenda saluni nyingine."

Estella akapiga ukelele mmoja mrefu, televisheni ikanyamaza, na mtoto alipolia tena blauzi ya mama yake ikalowa maziwa.

"Mtoto wangu! Munipe mtoto wangu!"

Wakampa. Félicité akalia kwa furaha kama mjinga. Mtoto akadaka ziwa, akavuta kwa pupa, na Estella alipoinama kumbusu, shungi la nywele likamwangukia mtoto puani. Félicité alikuwa msusi tangu ujanani. Mkono wake ukaenda wenyewe, ukalichukua lile shungi, ukalirudisha nyuma ya sikio.

"Acha!" maalim akapiga kelele.

Félicité akabaki ameinua mkono. Akamtazama Pontien, akarudi nyuma hatua moja, kama msichana aliyejikuta nyumba ya watu. Mama yao walimzika Uvira kabla ya kukimbia vita.

"Tantine," akamwambia mdogo wake kwa adabu, kama mtoto anavyomwita shangazi, "mama yangu anarudi sokoni saa ngapi?"