Pumzi Ndani ya Kinanda

Hii alinisimulia Fadhila, aliyekuwa jirani yake Melkiori kule Sofu, na Fadhila si mtu wa kutunga. Sogeeni. Na wewe acha kunivuta kanga.

Melkiori alikuwa mwalimu wa kwaya. Mkewe, Stellamaris, ndiye aliyekuwa anaongoza sauti ya kwanza. Akafa. Wakamzika kwao Kisarawe, watu wakala wali wa msiba, wakaondoka. Nyumba ikabaki na mtu mmoja na kinanda cha umeme.

Sasa kinanda kile kimekuja na sauti zake humo ndani. Mchana kutwa anazijaribu, anazihukumu peke yake. Tarumbeta: "Mbuzi huyu." Filimbi: "Afadhali." Akafika kwenye sauti ya watu wanaoimba aaa. Akairudia. Ilimkumbusha mkewe, ila kavu, kama mtu anayeimba hana kifua.

Akaanza kuitengeneza. Vile vitufe vya kuzungusha, akigusa hiki ukali unapungua. Akigusa kile sauti inatetemeka kidogo, kama ya marehemu. Kilichokosekana ni pumzi tu. Stellamaris alikuwa anavuta pumzi kwanza, ndipo anaimba. Akaongeza pumzi. Akaongeza tena.

Jioni moja Fadhila akapita na sahani ya vitumbua.

"Mwalimu, umeoa kimyakimya? Nasikia mke anaimba humo!"

Akacheka, kikohozi kikamkata. "Kinanda tu, jirani. Bado kidogo kimfikie."

"Mbona unahema hivyo?"

"Vumbi."

Kesho yake alikuwa ananong'ona tu. Kila akiongeza pumzi kule, kwake inapungua. Akajua. Akarudisha nyuma: sauti ikakauka, kifua chake kikafunguka. Angeweza kuacha hapo, wajukuu zangu. Akakaa. Nyumba kimya. Sahani moja mezani.

Akazungusha mpaka mwisho.

Fadhila alifika asubuhi. Umeme umekatika mtaa mzima. Melkiori kainamia kinanda, ameshapoa. Fadhila akamshika kumwinua, kiwiko kikagusa kinanda.

Kikavuta pumzi.

Kisha wakaimba. Wawili. Mwanamke juu, mwanaume chini yake. Katikati, kikohozi kile kile.

Kinanda kipo Kisarawe, kwao mwanamke. Wamekifunika kanga. Fadhila alikwenda akaiona mwenyewe hiyo kanga. Inapanda. Inashuka.

Haya, zimeni taa, mlale. Na nisisikie mtu anahema kwa nguvu.